Fuko Mweupe wa Shamba la Mama Chansa

Mmeniomba nieleze kazi yangu, nyinyi mnaobaki na funguo za nyumba ya wanyama. Sawa. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye makaratasi ya ofisi, na hata kule hazisomeki kwa raha. Mimi nitasema yale ambayo hayakuandikwa na mtu yeyote. Nitaandika kwa Kiswahili cha shuleni, kile mapadri walichotufundisha kwa fimbo, ila watu wakiongea nitawaacha waongee kama walivyoongea, maana Mama Chansa akisema Kiswahili cha padri hatakuwa tena Mama Chansa.

Mimi ni mtoto wa Kamalondo, mtaa wa mjini. Baba alitoka upande wa Pweto, akaja Élisabethville kutandika reli, akakaa. Nilikulia katikati ya vyerehani vya mafundi na kelele za baa. Kabla ya kuingia kazini sikuwahi kushika jembe isipokuwa kufukuza kuku. Nalisema hili mapema ili mjue ujinga wangu ulianzia wapi.

Siku ya kwanza laboratwari, yaani maabara, nilipokelewa na yaya Valentin (kwetu yaya ni kaka mkubwa), mtunza wanyama wa tangu zamani, mtu mfupi mwenye makovu ya meno ya panya kwenye vidole vyote kumi. Nilikuwa nimevaa shati safi na nimeoga kwa sabuni ya maua, kama mtu anayekwenda kuposa. Akanusa.

“Donatien, unanuka muzuri sana,” akasema. “Enda kanawe na majivu.”

Nikaenda, nikanawa. Akaninusa tena, akanirudisha. Mara ya tatu ndipo aliponiruhusu kufungua sanduku la panya, na hapo panya akaniuma hata hivyo. Valentin akacheka mpaka akaketi chini.

“Munyama anajua bantu kwa pua,” akaniambia. “Ukitoka mu sanduku moja, unanawa mbele ya kuingia mu ingine. Ukipeleka harufu ya huku kule, batauwana.”

Somo hilo lilinisaidia kuliko yote niliyofundishwa baadaye na watu wenye diploma. Siku hizi nawaona mkitoka sanduku hadi sanduku na glavu ile ile, halafu mnashangaa wanyama wanagombana. Haya, nimesema.

Mkubwa wetu alikuwa daktari Mbelgiji tuliyemwita Bwana Polepole. Sikumbuki kumwona akikimbia, hata mvua ilipomkuta uani. Kazi yake rasmi ilikuwa panya wa mashambani na viroboto vyao, kwa kuogopa tauni. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye manyoya. Kila panya aliyeletwa, kabla ya kuulizwa ana viroboto vingapi, alipelekwa dirishani atazamwe rangi. Kwa nini huyu ana doa kichwani? Mama yake alikuwa nalo? Alikuwa na panya weupe waliokuja kwa meli kutoka Ulaya, lakini hao aliwadharau. Alisema wamezoea kuwa weupe kwa sababu watu waliwachagua. Alichotaka ni mweupe wa porini, aliyezaliwa hivyo bila mtu kumwamuru.

Akatutuma kutafuta fuko. Fuko mnawajua: wale wanaoishi chini ya ardhi, wanene kama viazi, meno nje ya mdomo, macho madogo kama mbegu. Kumkamata kuna ufundi wake. Unafungua njia yake kwa jembe, unatulia. Fuko hapendi upepo uingie nyumbani, kwa hiyo atarudi kuziba. Ukiona udongo unatikisika, unakata njia nyuma yake kwa pigo moja, naye amebaki upande wako. Ukipiga mapema, amekimbia. Ukichelewa, umemkata mnyama. Mimi nilichelewa na kuwahi kwa miezi kabla ya kupatia. Na mwanzoni niliwaweka fuko wawili kwenye sanduku la mbao la sabuni. Asubuhi sanduku lilikuwa na tundu, na mmoja wao akapatikana ndani ya kiatu cha Bwana Polepole. Ndiyo maana masanduku yenu yamezungushiwa bati.

Mwisho wa kiangazi kimoja nilikwenda Naviundu, pembeni mwa mji, kwenye shamba la mjane aliyeitwa Mama Chansa. Alikuwa mwenyeji wa pale, watu wake walikuwepo kabla ya reli na kabla ya sisi sote. Mumewe alimwachia shamba lile lililoteremka hadi karibu na mto, na mwenyewe alilima mihogo, viazi vitamu na karanga. Fuko walikuwa wanamlia viazi, kwa hiyo alifurahi kuniona.

Nikafungua njia, nikatulia, udongo ukatikisika, nikapiga. Nikatia mkono shimoni, nikautoa nimeshika fuko mweupe. Mweupe kabisa, kama unga wa muhogo, na macho mekundu.

Nikapiga kelele. Nisingeweza kujizuia. Nikaruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mama Chansa hakuruka. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaongea kwa sauti ndogo.

“Rudisha mu shimo. Fukia. Kiisha unyamaze.”

“Juu ya nini, mama? Hii njo tunatafuta!”

“Njo vile tunafanyaka huku. Mweupe unamufukia, unanyamaza. Weye muntu wa Kamalondo, unajua nini ya mashamba? Utaniletea maneno.”

Nilicheka. Naandika hapa, na mkono wangu unaona aibu: nilicheka. Nikamtia fuko kwenye chupa kubwa ya kioo, nikaifunga mbele kwenye baiskeli, nikapita nayo Naviundu yote, polepole, ili kila mtu aone. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni walisimama. Mtu mmoja aliniuliza ametoka kwa nani, nami nikajibu kwa fahari: “Ku shamba ya Mama Chansa!”

Bwana Polepole siku ile alikimbia. Nafuta nilichosema juu yake.

Juma lililofuata nilirudi kutafuta wengine. Njia ya kuingia shambani ilikuwa imezibwa kwa matawi. Jembe halikuonekana, mtu hakuonekana. Nikaenda kwa kapita, yaani msimamizi wa mtaa, mzee Ngosa, mtu mpole wa maneno machache.

“Ile shamba bankambo bameiomba,” akaniambia. “Fuko anatoka kule chini, kwenye bazee beetu ba zamani balizikwa. Mweupe ni wa kwabo. Akitoka, banasema banataka shamba yabo. Hatuwezi kulima tena.”

“Nani aliona akitoka?”

Akanitazama bila hasira. “Bote baliona. Weye njo ulibaonyesha.”

Mama Chansa nilimkuta kwa kaka yake, Mumba, aliyempa chumba nyuma ya nyumba. Alikuwa anamenya muhogo wa wifi yake. Hakuinua uso.

“Miye nilikuwa na shamba moja tu,” akasema. “Weye uko na kazi yako.”

Mumba alimshika bega. “Vumilia, dada. Mambo ya bankambo hatuyawezi.” Mtu mwema, nilifikiri, na kweli alimtunza vizuri.

Nilirudi mjini moja kwa moja. Nikamweleza Bwana Polepole kila kitu. Alisikiliza, akatoa maharagwe mfukoni. Ndiyo, alikuwa na maharagwe mfukoni. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Akaweka mawili mawili mezani, meusi na meupe.

“Écoute, sikia, Donatien. Kila mnyama iko na rangi mbili ndani. Moja ya baba, moja ya mama. Kama iko na nyeusi moja na nyeupe moja, unaona nyeusi tu. Nyeupe inajificha. Haikufa. Inangoja.” Akasukuma maharagwe. “Siku baba anatoa ile ya kujificha, na mama anatoa ya kujificha, voilà.” Maharagwe mawili meupe yakabaki peke yake.

Nikamwuliza kama baba na mama wote wawili wanaweza kuwa weusi na mtoto awe mweupe. Akasema si kwamba wanaweza tu. Porini karibu kila mara ndivyo ilivyo.

Nikachukua maharagwe yake, nikarudi kwa Ngosa. Ngosa akayatazama kama mtu anayeletewa chakula kisichopikwa. Lakini alikuwa mtu wa haki. Akafikiri sana, akasema:

“Maharagi miye nakulaka. Unionyeshe fuko. Baba mweusi, mama mweusi, mutoto mweupe. Azaliwe kule mujini, mu ile sanduku yenu ya bati, mbali na makaburi yetu. Hapo nitajua hakuna muntu alimutuma, na mama atarudia ku shamba yake.”

Nikaapa mbele ya Mama Chansa kwamba nitamletea. Hakusema asante. Alisema, “Tutaona.”

Tukampa fuko mweupe mke mweusi kutoka upande mwingine kabisa wa mji. Fuko hawana haraka; hubeba mimba zaidi ya miezi mitatu, na huyu alipozaa alizaa watatu, madume wawili na jike mmoja. Wote weusi, kama maharagwe yalivyosema. Kila mmoja alikuwa na weupe wa baba yake uliojificha ndani. Kilichobaki ni kungoja wakue, tuoanishe kaka na dada. Baridi ya mwezi wa sita ikaja, na baba mweupe akafa. Nilimkuta asubuhi amejikunja kwenye maranda ya mbao. Sasa shamba la Mama Chansa lilikuwa limebebwa na hao watoto watatu, na mtu asingeliona kwa kuwatazama.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Nilitaka wakae vizuri. Nikawaacha wote watatu pamoja na mama yao kwenye sanduku moja kubwa, nikawapa viazi bora, nikangoja. Mwaka ukapita. Walikuwa wanono, wanapendana, wanalala wamelundikana. Mtoto hakuna.

Mama Chansa alikuwa akija Jumapili baada ya misa, kwa miguu kutoka Naviundu, anasimama langoni. Hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo nilitoka mimi.

“Amezaa?”

“Bado, mama.”

Anageuka, anarudi. Sikumlaumu. Misimu miwili ya mvua alikuwa amelima viazi vya wifi yake huku matete yakiota kwenye shamba lake. Bwana Polepole naye alianza kusema labda jike ni tasa, na chumba kinahitajika kwa panya wa tauni. Valentin alikuwa ameshaondoka kwenda kuzeekea kwao, sikuwa na wa kumwuliza.

Jumapili moja nilichoka kusema “bado”. Nikabeba sanduku lenyewe hadi langoni, nikafungua kifuniko ajionee. Akainama, akatazama wale fuko waliolundikana, kisha akanitazama mimi kama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

“Donatien. Hawa si bandugu?”

“Ndiyo, mama. Njo bwana anataka.”

“Weye unaweza kuoa dada yako?”

“Mama, hawa ni fuko!”

“Na fuko eko na haya! Miaka yote nimelima, mu kila nyumba yabo mama mumoja tu njo anazaaka. Batoto bakubwa banachimba, banaleta chakula, hakuna wa kugusa mwenzake. Ukiua ule mama na jembe, banabakia tu vile, bazee bila batoto. Unangoja nini hapa? Utangoja mpaka mwisho wa dunia!”

Nilibaki na kifuniko mkononi. Sisi watu wa laboratwari tulikuwa na vitabu vya panya, na panya, samahani, haya hana. Hakuna aliyefikiri kwamba mnyama anaweza kukataa.

Nilimwambia Bwana Polepole. Akasema basi tumekwisha, kwa sababu bila ndugu hakuna mweupe. Lakini mimi nilikuwa nimekumbuka kitu. Mwanzoni mwa mwaka ule nilikuwa na fuko mwingine, wa familia nyingine, aliyevunjika jino. Nilimtenga chumba cha nyuma, nikawa namkata lile lililobaki kwa koleo ndogo mpaka meno yalingane. Alikaa huko kama miezi miwili. Nilipomrudisha kwao, kaka zake walimrukia kama mwizi. Walikuwa wamemsahau. Pua zao hazikumjua tena.

Nikaomba ruhusa. Nikamchukua dume mmoja, nikampeleka chumba cha nyuma, nikafunga mlango. Ndoo yake, kijiko chake, hata koti langu la kuingia kwake lilikuwa la peke yake. Nilinawa kwa majivu kila nilipotoka. Wenzangu walisema Donatien amepata wazimu, anaosha mikono kama padri. Nikangoja miezi mitatu, nikaongeza mwezi kwa woga. Siku niliyowakutanisha kwenye sanduku jipya, dada alimnusa kaka kuanzia pua hadi mkia, akarudi nyuma, akamnusa tena. Jioni ile ile walikubaliana.

Mimba ya kwanza, wawili. Weusi wote. Ngosa nilipompelekea habari alisema, “Mm.” Bwana Polepole akanionyesha kwa maharagwe kwamba bahati haidaiwi, katika wanne unatumaini mmoja, na hata huyo hakuahidi kuja. Nilimwambia maneno hayo aende akamwambie Mama Chansa yeye mwenyewe. Hakuenda.

Mimba ya pili, watatu. Fuko akizaliwa hana manyoya, wote wana rangi moja ya waridi, lakini nilikuwa nimejifunza kutazama. Chini ya ngozi, pale jicho litakapofunguka, mweusi ana nukta nyeusi. Wawili walikuwa nayo. Wa tatu hakuwa nayo. Safari hii sikupiga kelele. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye ndoo, nikalia. Sikumwambia hata mke wangu mpaka manyoya yalipotoka, meupe, hayana ubishi.

Nikawaita. Bwana Polepole akaomba ruhusa ya lango, na wakaingia Ngosa, mzee mwingine wa mtaa, Mumba na Mama Chansa. Ngosa akachuchumaa mbele ya sanduku la bati. Akaomba kuonyeshwa baba. Mweusi. Akaomba kuonyeshwa mama. Mweusi. Akanifanya niape kwamba wote walizaliwa humo na hawakuwahi kufika Naviundu, nikaapa kwa roho ya mama yangu. Kisha akavua kofia, akabaki kumtazama yule mtoto mweupe akinyonya.

“Miye pia nilifukuaka mumoja,” akasema.

Hakuna aliyeelewa. Akarudia, bado anatazama sanduku. “Zamani, mbele ya kuoa. Mu shamba ya baba. Nikafukia, nikanyamaza.”

Yule mzee mwingine akakohoa. “Na miye. Babili.”

Nilijisikia mjinga kuliko siku zote za kazi yangu. Tangu siku ya kwanza niliambiwa kuna desturi ya kufukia weupe, wala sikujiuliza ilianzaje kuwa desturi kama weupe hawakuwa wakitokea. Mtaa mzima ulikuwa na fuko weupe. Kila mtu alidhani ni wake peke yake.

Mama Chansa alikuwa amesimama wima.

“Ngosa. Ulikuwa unajua?”

“Nilizani iko kwetu tu, mama. Nilificha juu shamba ya baba isipotee.”

“Na ya kwangu ikapotea.”

“Utusamehe, mama. Pole.”

“Sitaki pole!” Sauti yake iliwashtua hata panya. “Misimu mitatu nimelima ya bengine, muko munanitazama! Kila muntu mwenye alifukiaka mweupe, yeye ao baba yake, akuye kesho asubui na jembe ku shamba yangu. Mwenye hakufukiaka, abakie kwake.”

Bwana Polepole, aliyepotewa na kasi ya maneno yale, alinivuta shati nimtafsirie. Nilipomaliza alichomoa daftari na kuuliza ni wangapi. Nikamwambia angoje kesho.

Asubuhi nilifika na jembe la kuazima. Mimi sikuwa nimefukia mweupe yeyote, lakini deni langu nililijua. Ngosa alikuwa pale peke yake, anatoa matawi njiani. Nikafikiri wengine hawatakuja, maana kuja na jembe ni kusema mbele ya watu wote. Kisha akaja yule mzee mwenzake. Akaja mwanamke mmoja wa kule mtoni, na mama mkwe wake nyuma. Wakafika wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa njia yake, wakashangaa kuonana. Mmoja alikuja na jembe la marehemu baba yake, akasema ni la baba, basi. Mama Chansa hakumsalimu mtu. Kila aliyefika alimwonyesha kwa kidole mahali pa kuanzia.

Jua lilikuwa limeshapanda na nilikuwa nimeacha kuhesabu alipotokea wa mwisho. Alikuwa Mumba, kaka yake, aliyemwambia kwa miaka mitatu avumilie. Jembe lilikuwa begani, macho chini. Mama Chansa akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamwonyesha upande wa mto, kule matete yalikosimama marefu kuliko mtu.